Saa ya Kusikia

Sauti ya mwanamke wa Itengwa ilipopanda hewani, Mwenyekiti Ambakisye Kabeta alitabasamu kwenye kiti chake, na watu waliosimama uwanjani wakatabasamu pamoja naye.

"Mimi ni Subilaga Mwaipaja, wa Bonde la Itengwa," ilisema sauti hiyo, nzito kidogo, ya mtu mzima aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. "Namshukuru Ndugu Mwenyekiti. Umeme tumeupata, zahanati tumeipata. Huku kwetu ni kuzuri. Sina la kulalamika."

Tusekile Mwambapa, fundi mkuu wa mtambo wa Sikio, alikuwa nyuma ya ukuta wa kioo, macho kwenye mshale uliopima usikivu wa Mwenyekiti. Ulisimama kwenye themanini na nane. Ungeshuka chini ya sitini, saa ingesimama na Kalamu isingefunguka.

Ndivyo Mapinduzi yalivyoamua. Serikali ya zamani ya Milimani ilianguka kwa kukosa masikio. Wakuu wake walikula na kulala huku watu wakifa kwenye mashamba ya chai. Walioiangusha wakaapa kwamba jambo hilo halitarudi tena. Wakajenga Chumba cha Kioo katikati ya uwanja mkuu wa mji wa Lwangu, na humo kila asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, kiongozi wa nchi huketi mbele ya macho ya watu na kuwasikiliza kwa saa nzima. Sauti hutoka kwenye vibanda vya kata, ambako mtu yeyote huingia akasema kwa dakika mbili. Kichwani kiongozi huvaa kofia yenye nyuzi nyembamba zinazosoma jinsi ubongo unavyoyapokea maneno. Akijifanya anasikiliza huku mawazo yake yako kwenye kifungua kinywa, mshale unaporomoka. Akiivua kofia kabla ya wakati, amejiuzulu. Na Kalamu, ambayo ndiyo pekee inayoweza kutia saini amri ya nchi, haifunguki mpaka zitimie dakika sitini za kusikia kweli. Anachokisikia yeye, uwanja nao unakisikia kupitia vipaza sauti. Amri iliyotiwa saini bila kusikia ni batili. Hiyo ilikuwa ibara ya kwanza ya katiba.

Kofia ile ilikuwa kazi ya mikono ya Tusekile. Kiraka, kichujio cha siri ndani ya mtambo, nacho kilikuwa kazi ya mikono yake, ila hicho hakikuandikwa kwenye ibara yoyote.

Kilianza kwa huruma. Miaka miwili nyuma, mtoto mmoja alilia ndani ya kibanda cha Itengwa, kilio cha kukosa pumzi, na mama yake akashindwa kutamka hata neno. Mwenyekiti hakuvumilia kukisikia, mawazo yake yakakikimbia mpaka mshale ukalala kwenye sifuri. Siku tatu mfululizo mtambo ukakirudisha kilio kile, kwa kuwa sheria ilitaka kisikilizwe, na siku tatu Kalamu ikagoma, huku mezani ikingoja amri ya kufungua hospitali ya mkoa. "Kiondoe hicho tu, Tuse," Mwenyekiti alimsihi. Siku hiyo alikuwa bado ni kaka Amba wa msituni, aliyewahi kugawana naye kiazi kimoja wakati wa vita. Akakiondoa. Hospitali ikafunguliwa, watu wakacheza ngoma.

Mwezi uliofuata akaondoa vikohozi. Kisha akawaondoa wote waliotaja gesi ya visima vya mvuke, kwa sababu visima vile vya Itengwa ndivyo vilivyowasha taa za nchi nzima. Lakini sheria ilidai kila bonde lisikike kila siku, kwa hiyo palipobaki patupu pakahitaji kujazwa. Kiraka kikazichukua sauti ambazo watu wa Itengwa walizitoa mwaka wa sherehe za ushindi, kikazifumua na kuzifuma upya kuwa maneno mengine. Sauti ya Subilaga ilifumika vizuri kuliko zote.

Dakika ya sitini ikatimia. Kalamu ikalia ti, ikafunguka. Watu wakapiga makofi machache, wakatawanyika kwenda makazini.

"Hodi, dada fundi."

Mlangoni alisimama Mzee Mwalwisi, karani wa daftari la vizazi na vifo, kofia mkononi, daftari kubwa kwapani.

"Karibu, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukaa. Nimekuja na aibu yangu." Alilifungua daftari juu ya meza ya mitambo na kuweka kidole kwenye mstari mmoja. "Huyu mama aliyesema asubuhi hii, Subilaga Mwaipaja. Mimi nimemwandika marehemu. Mwezi wa nne huu tangu nimwandike, na mwandiko ni wangu mwenyewe. Chanzo, kifua. Leo nimesimama pale nje nikamsikia anashukuru. Nikasema nije kwako kabla sijaumbuka zaidi. Bila shaka nimechanganya majina."

Tusekile aliutazama mstari ule. Hakujua kwamba Subilaga amekufa. Wakati wa vita mwanamke yule alimficha wiki saba darini, juu ya jiko lake, akampa blanketi lake la pekee na yeye mwenyewe akalala amejifunika magunia. Tangu ushindi, Tusekile hakuwahi kumpelekea hata salamu. Aliitumia sauti yake tu, kila asubuhi.

Angeweza kusema kweli pale pale. Mzee alikuwa mmoja, na mlango ulikuwa umerudishwa.

"Umekosea, mzee," alisema. "Mfute hapo. Mrudishe kwa walio hai."

Mzee Mwalwisi alitoa wembe mdogo mfukoni, akaukwangua mstari taratibu mpaka karatasi ikawa nyeupe.

"Ahsante, mwanangu," alisema, na uso wake ulikuwa umenyooka kwa faraja. "Uzee huu. Ahsante sana kwa kunisitiri."

Alipotoka, Tusekile alibaki ameshika ukingo wa meza. Masikio yalimwaka moto kama mtoto aliyezabwa kofi mbele ya darasa.

* * *

Siku ya tisa baada ya hapo, mwanamke kijana alimngoja nje ya Chumba cha Kioo mpaka uwanja ulipokuwa mtupu. Alivaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na alikuwa na mkoba wa ukili begani. Alikohoa kwanza, akafuta mdomo, ndipo akasema.

"Naitwa Lugano. Ni binti wa Subilaga Mwaipaja wa Itengwa. Nimeambiwa wewe ndiye unayejua mama yangu aliko."

Tusekile alimwingiza ndani na kumpa kiti. Lugano hakukaa. Alitoa barua ya ofisi ya kata. Iliandikwa kwamba, kwa mujibu wa daftari la Lwangu, Subilaga Mwaipaja yu hai. Kwamba Lugano alitoa taarifa ya uongo ya kifo. Na kwamba amlete mama yake mbele ya ofisi ndani ya siku kumi na nne, ama sivyo afikishwe mahakamani.

"Na yule mzee aliyemwandika," Lugano aliongeza, "nimekwenda ofisini kwake kumwona. Wamemchukua jana. Wanasema aliua watu kwa kalamu ili kuyachafua Mapinduzi."

"Mzee Mwalwisi?"

"Sikupata jina lake." Aliingiza mkono mkobani, akatoa jozi ya viatu vya plastiki na sweta la kahawia, akaviweka mezani kimoja kimoja. "Nilimwosha mama mimi mwenyewe, dada. Nilimvalisha, nikamshusha kaburini na wajomba zangu. Lakini leo asubuhi nimefika uwanjani nikamsikia. Nilikaa chini mbele za watu. Nikasema, huenda nimerukwa na akili, huenda tulimzika mtu mwingine. Kama yuko hapa, huku kwenu ni baridi, ndiyo maana nimembebea sweta." Alimtazama Tusekile machoni. "Niambie tu. Nirudi na mama, au nirudi na barua inayosema amekufa?"

Tusekile alifungua kinywa, na kilichotoka kikawa hiki: "Nipe mpaka alasiri."

Hata yeye alisikia jinsi kauli hiyo ilivyokuwa nyonge.

* * *

Nyumba ya Mwenyekiti ilikuwa juu ya kilima, ile ile aliyoijenga tajiri wa zamani wa mashamba ya chai, na mabomba ya mvuke kutoka Itengwa yalipita chini ya sakafu yake na kuipasha joto. Ambakisye alimpokea pekupeku. Alikuwa amenenepa kidogo, na ndevu zake zilikuwa zimechanwa.

Tusekile alimweleza yote bila kukaa: mzee wa daftari, wembe, binti na sweta lake.

"Mpe nyumba hapa mjini," alisema Ambakisye. "Mpe na matibabu. Mzee nitamtoa wiki ijayo, vumbi likitulia."

"Kaka, Subilaga amekufa."

"Najua."

Tusekile alidhani hakusikia vizuri.

"Tuse, nimekula kwenye jiko la mwanamke yule. Unadhani sijui alivyokuwa akisema? Subilaga hakuwahi kumshukuru mtu kwa maneno mazuri namna ile. Alikuwa anatusema mchana kutwa." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. "Nilijua kuwa si yeye tangu wiki ya kwanza. Nilikaa pale nikasikiliza kwa bidii, mshale ukapanda. Kofia yako haiulizi kama ninachokisikia ni kweli."

"Na gesi? Unajua inavyowafanya?"

"Nikizima visima, hospitali inazima. Viwanda vinazima. Wale wenye chai wako mpakani wanangoja siku hiyo hiyo." Alimsogelea, sauti ikashuka. "Na sikiliza nikwambie jambo ambalo nina hakika umeshalifikiri. Ukisema kuhusu Kiraka, kila amri niliyotia saini kwa miaka miwili ni batili. Ibara ya kwanza. Mashamba tuliyowagawia wakulima yanarudi kwa wenyewe. Wafungwa tuliowaachia wanarudi ndani. Maelfu ya watu, Tuse, kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyekwisha kufa."

Tusekile alikuwa amelifikiri kweli. Kila lilipomjia alilifukuza.

"Hiki ni chetu wote wawili," Ambakisye alisema. "Mimi niliomba. Mikono ilikuwa yako."

Tusekile alitoka. Kilichomuuma njiani wakati akishuka kilima ni kwamba hakuweza kulipinga hata neno moja katika hayo.

* * *

Chini ya Chumba cha Kioo kulikuwa na ghala la sauti. Sheria ilikataza kufuta sauti ya raia, na Tusekile, kwa sababu ambayo hakuwahi kuichunguza, aliitii sheria hiyo moja. Kila sauti ambayo Kiraka kiliizuia ilikuwepo pale, na tarehe yake.

Alimshusha Lugano alasiri ile, akamweleza kila kitu wakiwa wamesimama. Alisema bila kujitetea, kwa kuwa kila utetezi aliouanza ulimgeukia mdomoni. Lugano alisikiliza mkono ukiwa kifuani. Alipomaliza, Tusekile alingoja kutukanwa, na kwa hakika aliyataka matusi hayo.

"Mama alikwenda kibandani," Lugano alisema hatimaye. "Alikwenda mara nyingi. Wiki ya mwisho tulimbeba kwenye kiti. Niwekee ile."

Tusekile akaitafuta. Ilikuwa ya Februari, tarehe kumi na tano. Alibonyeza.

Kwanza vilikuja vikohozi, virefu. Kisha sauti ikaja, nyembamba mno, hata Tusekile asingeijua kama asingekuwa anajua ni ya nani.

"Mimi Subilaga. Nimeshasema habari za gesi mpaka nimechoka, leo sisemi tena. Mbuzi wamekwisha. Watoto wa Ndimbwa wamezikwa wawili. Mnajua. Leo namtaka mtu mmoja. Hapo Lwangu yuko binti anaitwa Tusekile, fundi, nilimficha kwangu vitani. Kama anapita karibu na mashine hii, mwambieni simdai kitu. Mwambieni atege sikio tu, anisikie. Akisikia atafanya jambo. Namjua mtoto yule, hana roho mbaya."

Sauti ikakatika, dakika mbili zilikuwa zimekwisha.

Tusekile aliufunika uso kwa viganja vyote viwili. Alitamani sakafu ipasuke immeze. Kama Subilaga angemlaani, angeweza kubeba laana. Hili hakujua alibebe vipi.

"Zipo ngapi humu?" Lugano aliuliza.

"Za Itengwa? Elfu kumi na moja na ushei."

"Umewahi kusikiliza ngapi?"

"Hii ndiyo ya kwanza."

Lugano alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa jambo asilolidhania. "Miaka miwili umekaa juu yao," alisema, "na hukuwahi hata kuteremka ngazi."

* * *

Asubuhi iliyofuata Tusekile aliufunga mlango wa chumba cha mitambo kwa komeo. Lugano alikuwa uwanjani, mstari wa mbele. Ambakisye aliingia, akapunga mkono, akavaa kofia. Saa kumi na mbili na nusu barabara, Tusekile alikizima Kiraka na kufungua ghala.

Kilio cha mtoto yule wa kwanza kikajaa uwanjani.

Watu waliokuwa wakinong'ona waligeukia vipaza sauti. Ambakisye aligeuka ghafla kuelekea kioo, macho yakakutana na ya Tusekile, na mkono wake ukainuka mpaka kwenye ukingo wa kofia. Hakuivua. Akaushusha mkono, akaegemea kiti, akafumba macho.

Zikafuata nyingine, moja baada ya nyingine. Mwalimu aliyefunga shule kwa kuwa watoto walizimia. Mzee aliyeuliza kama Mapinduzi yana kaburi la bure. Kijana aliyesema atavunja mabomba. Askari waligonga mlango wa chumba cha mitambo kwa vitako vya bunduki, komeo likashika. Tusekile hakugeuka, macho yake yalikuwa kwenye mshale.

Aliutegemea uanguke, kama siku ile ya kwanza. Mshale ulipanda. Sabini, themanini na tano, tisini na sita. Tangu mtambo ujengwe haukuwahi kufika hapo. Machozi yalikuwa yakimtiririka Ambakisye hadi kwenye ndevu, na Subilaga aliposema, midomo yake ilitikisika pamoja naye. Anasikia, Tusekile aliwaza, na moyo wake ukamruka kwa tumaini ambalo baadaye alilionea haya kuliko mengi. Alikuwa ameijenga kofia ile akiamini kitu kimoja: mtu akisikia kweli, atatenda. Subilaga aliamini hivyo hivyo.

Dakika ya sitini ikatimia, Kalamu ikafunguka.

Ambakisye alijifuta uso kwa leso. Alivuta karatasi, akaandika mwenyewe mistari miwili, akatia saini, akaisoma kwa sauti iliyokwaruza. Kuanzia leo Saa ya Kusikia imesitishwa kwa ajili ya usalama wa Mapinduzi. Visima vya Itengwa vitaendelea. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, na vipaza sauti vikakatwa.

Amri ile ilikuwa halali. Katika miaka miwili, ndiyo pekee iliyokuwa halali.

Tusekile alifungua komeo mwenyewe. Askari walikuwa wamekwisha kumkimbilia Mwenyekiti. Akapita, akatoka mpaka kwenye ngazi za uwanja. Watu walikuwa wamesimama wametahayari, kila mmoja akimtazama mwenzake kama aliyefumaniwa. Bila kipaza sauti ilimbidi apige kelele.

"Ni mimi!" alisema. "Zile za shukrani nilizitengeneza mimi. Subilaga Mwaipaja alifariki Februari, tarehe kumi na tisa. Mzee Mwalwisi hakukosea. Mimi ndiye niliyemwamuru afute."

Mtu mmoja alitema mate. Mwanamume mwenye buti za shambani alisogea mpaka chini ya ngazi.

"Shamba langu lilitiwa saini mwaka jana," alisema. "Lina hali gani?"

"Kisheria ni batili, baba."

"Kwa hiyo umenipokonya."

"Ndiyo," Tusekile alisema, kisha akalirudia kwa sauti, wa nyuma wasikie. "Ndiyo, baba."

Mtu yule alisimama pale akimtazama. Tusekile alitaka kuinamisha kichwa; akajilazimisha kutazamwa. Pembeni, Lugano alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini, mkoba mapajani. Hakumkaribia, wala hakuondoka.

Ndipo mwanamke mmoja mnene katikati ya umati, ambaye Tusekile hakumjua, akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi natoka Bonde la Nsongwi," alisema, "nasi kwetu kuna jambo." Watu wakamgeukia. Akaanza kueleza habari za mto wao, akijikwaa, akirudi nyuma, akianza upya, na aliyekuwa nyuma akaomba apaze sauti.

Askari wawili walirudi mbio kutoka nyuma ya jengo, wakapanda ngazi, wakamshika Tusekile mikono. Hakuwapinga. Uso ulikuwa bado unamwaka kwa aibu, na macho yake yalikuwa kwa yule mwanamke wa Nsongwi.

"Nakuja," aliwaambia. "Ngojeni kidogo. Bado hajamaliza."